Noti na pasipoti zichapwe wapi: kiwanda cha serikali, ubia au zabuni ya nje?

Kila benki kuu inapotoa noti mpya, swali moja huzuka vijiweni na bungeni: kwa nini pesa yetu ichapwe Ulaya? Wapo wanaoliona hilo kuwa doa kwa nchi iliyojitawala kwa zaidi ya miaka 60. Wapo wanaosema noti ni bidhaa tu, basi anayeitengeneza vizuri kwa bei nafuu apewe kazi. Naona pande zote mbili zinavutana juu ya swali ambalo halijapangwa sawasawa, maana ndani yake mna maswali mawili. La kwanza ni noti. La pili ni hati za watu: pasipoti, kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva, cheti cha kuzaliwa. Mara nyingi kampuni moja hutengeneza vyote hivyo, ndiyo maana hujadiliwa kwa pamoja. Ukivipima kimoja kimoja, majibu hayafanani. Noti, kwa nchi za ukubwa wa Kenya, Tanzania au Uganda, zinaweza kununuliwa nje bila hasara kubwa, mradi mnunuzi ajue kununua. Hati za watu zinapaswa kukamilishwa nyumbani, chini ya chombo cha umma.

Njia zenyewe ni tatu: nchi imiliki kiwanda chake, iingie ubia na kampuni ya nje, au itangaze zabuni na kuletewa mzigo.

Wenye viwanda vyao

Urusi ina Goznak, kampuni ya serikali ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1818. Brazil ina Casa da Moeda, iliyoanzishwa mwaka 1694. India ina viwanda vinne vya noti: vya Nashik na Dewas viko chini ya kampuni ya serikali kuu, vya Mysuru na Salboni viko chini ya kampuni tanzu ya benki kuu. Barani Afrika, benki kuu ya Afrika Kusini ina kampuni yake ya kuchapa noti mjini Pretoria. Nigeria ina kampuni ya taifa ya noti na sarafu iliyoanza mwaka 1963. Morocco ina Dar As-Sikkah, mjini Salé. Wenzetu wa Kongo wanaijua Hôtel des Monnaies ya Kinshasa, kitengo cha benki kuu yao, ambacho jina lake limechapwa kwenye noti zenyewe za faranga.

Orodha hiyo inavutia, lakini kabla ya kuitamani tazama wingi wa kazi. Kuna miaka ambayo India imechapa zaidi ya noti bilioni 20. Mkataba ambao Benki Kuu ya Kenya iliusaini mwaka 2024 ni wa noti bilioni 2.04 kwa miaka mitano, yaani takriban milioni 400 kwa mwaka. Mitambo ya kuchapa noti ni ghali, na gharama yake hupungua kwa kila noti pale tu inapofanya kazi mwaka mzima. Nchi yenye mahitaji ya milioni 400 ikijenga kiwanda kamili, kiwanda hicho kitapaswa kutafuta wateja nchi nyingine ili kisikae bure. Hapo kitakutana sokoni na kampuni zenye uzoefu wa zaidi ya karne moja.

Halafu kuna suala la malighafi, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Noti ya kawaida huchapwa kwenye karatasi ya pamba, na watengenezaji wa karatasi hiyo duniani ni wachache. Wino maalumu, hasa ule unaobadilika rangi ukiigeuza noti, kwa sehemu kubwa hutoka SICPA, kampuni ya Uswisi yenye makao karibu na Lausanne. Mitambo mingi hutoka Koenig & Bauer ya Ujerumani. India yenyewe, pamoja na ukubwa wake, iliendelea kuagiza karatasi nje kwa miongo mingi, mpaka kiwanda cha karatasi cha Mysuru kilipoanza kazi katikati ya miaka ya 2010. Kwa hiyo anayesema "tujenge kiwanda chetu" aulizwe papo hapo: karatasi itatoka wapi? Wino utatoka wapi? Mtambo ukiharibika, fundi atapanda ndege kutoka wapi?

Zimbabwe ililijibu swali hilo kwa njia chungu. Ilikuwa na kiwanda Harare, Fidelity Printers, mali ya benki kuu. Karatasi ilinunuliwa kwa Giesecke & Devrient ya Munich. Mwaka 2008, mfumuko wa bei ukiwa umepaa na uchaguzi umetawaliwa na vurugu, serikali ya Ujerumani iliitaka kampuni hiyo iache kuiuzia Zimbabwe, na kuanzia Julai 1 mwaka huo ikaacha. Kiwanda kilikuwa cha nchi, wafanyakazi wa nchi, lakini karatasi ilizuiwa kwa uamuzi wa mji wa mbali. Upande wa pili wa kisa hicho nao ni mzito vilevile. Kusimama kwa karatasi ya Munich hakukuikomesha benki kuu. Januari 2009 ilitoa noti ya dola trilioni 100. Kiwanda kilichokuwa karibu na mkono wa serikali kiliurahisishia mkono huo kazi ya kuchapa bila kikomo. Kilichokosekana ni benki kuu inayoweza kuiambia serikali hapana, na hicho hakinunuliwi pamoja na mtambo.

Nigeria nayo inafundisha. Oktoba 2022 benki kuu ilitangaza sura mpya za naira 200, 500 na 1,000, na ikajivunia kuwa zinachapwa nyumbani. Muda wa kubadilisha ulikuwa mfupi, na noti mpya zilizofika mitaani hazikutosha. Kufikia Februari 2023 watu walikuwa wanapanga foleni usiku kwenye mashine za benki, na mawakala wakiiuza pesa taslimu kwa ada kubwa. Machi 3, Mahakama ya Juu iliamuru noti za zamani zitumike hadi Desemba 31. Kiwanda kuwa ndani ya nchi hakukuwaokoa watu na haraka ya waliopanga zoezi.

Sudan ilikuwa na kiwanda Khartoum. Vita vilipoanza Aprili 2023, mji mkuu ndio uliogeuka uwanja wa mapigano. Novemba 2024 benki kuu ilitangaza noti mpya ya pauni 1,000, ikieleza kwamba makao yake na kiwanda cha kuchapa noti viliporwa na kwamba zimeenea noti zisizojulikana zilikotoka. Anayejenga kiwanda cha noti lazima ajiulize pia kitalindwa vipi siku ambayo nchi haina amani.

Ubia: kuwa na hisa si kuwa na oda

Kenya ilijaribu njia ya katikati. De La Rue ya Uingereza ilikuwa na kiwanda Ruaraka, Nairobi, na mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilichukua asilimia 40 ya kampuni yake ya Kenya. Mwaka huohuo, sikukuu ya Madaraka, noti mpya zenye jengo la mikutano la KICC la Nairobi zilizinduliwa Narok. Ilionekana kila kitu kimekaa vizuri: utaalamu wa mgeni, mkono wa serikali, ajira Nairobi.

Januari 2023 De La Rue ikatangaza kusimamisha uchapaji wa noti Kenya, kwa maelezo kwamba haikutarajia oda mpya kutoka benki kuu kwa angalau miezi 12. Mamia ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Mwaka uliofuata benki kuu iliipa kazi Giesecke+Devrient, kampuni ileile ya Munich, kwa mkataba wa takriban shilingi bilioni 14. Gavana Kamau Thugge alieleza kamati ya Bunge kwamba ilitumika njia ya ununuzi wa siri kwa sababu za usalama, na kwamba akiba ya noti ilikuwa inaelekea kuisha.

Ukichukua noti ya shilingi 1,000 ya mwaka 2019 na ya mwaka 2024 ukaziweka mezani pamoja, utaona picha ni ileile. Saini imebadilika, mwaka umebadilika, na uzi wa usalama ni mpya: ukiigeuza noti kwenye mwanga, rangi ya uzi huhama, na kila thamani ya noti ina namna yake. Kubadili mchapaji hakukuilazimu Kenya kubadili sura ya pesa, na sababu ni kwamba umiliki wa michoro na haki ya kuipeleka kwa mchapaji mwingine ni jambo la kuandikwa kwenye mkataba. Nchi isiyoliandika hilo hushikwa na mchapaji wake miaka yote.

Kisa cha Ruaraka kinanionyesha udhaifu mkubwa wa ubia wa noti. Serikali ilikuwa mwanahisa, lakini mteja mkuu ni benki kuu, na benki kuu huagiza noti inapozihitaji, haiagizi ili kiwanda kisifungwe. Hivyo ndivyo inavyopasa. Ila basi mwenye kuingia ubia asiuhesabu ubia huo kama dhamana ya kiwanda kuendelea.

Uganda ilichagua ubia wa namna nyingine, na huu mimi naupenda zaidi. Mwaka 2018 iliunda kampuni ya uchapaji wa usalama pamoja na Veridos, si kwa ajili ya noti bali kwa ajili ya hati: pasipoti, vitambulisho, leseni za udereva. Veridos yenyewe ni mtoto wa baba wawili: Giesecke+Devrient, ambayo ni ya binafsi, na Bundesdruckerei, ambayo ni mali ya serikali ya Ujerumani. Hati za watu hutakiwa kila siku, mwaka hadi mwaka, kadiri watu wanavyozaliwa, wanavyosafiri na wanavyopoteza vitambulisho. Kiwanda cha hati hakikai mwaka mzima kikingoja oda moja ya benki kuu.

Zabuni ya nje

Hii ndiyo njia ya Tanzania kwa noti zake. Toleo lililoingia kwenye mzunguko Januari 2011 lilichapwa na Crane kwenye kiwanda cha Tumba, Sweden. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1755 na benki kuu ya Sweden, ambayo ilikimiliki karibu miaka 250 na kukiuza mwaka 2002. Nalitaja kwa makusudi. Nchi tajiri, yenye kiwanda cha kale kuliko nchi nyingi za leo, iliona bora ikiuze kuliko kuendelea kukimiliki. Nchi za Afrika Magharibi na Kati zinazotumia faranga ya CFA nazo kwa miaka mingi noti zao zimechapwa Chamalières, kwenye kiwanda cha benki kuu ya Ufaransa. Hapo kuna kidonda cha kisiasa kinachojulikana, na sitakifananisha na zabuni ya wazi ambayo nchi inaweza kuivunja na kwenda kwingine.

Hatari za kununua nje ni za kweli, na anayeitetea njia hii asizifiche. Mwaka 2011, wakati wa vita vya Libya, shehena za dinari zilizochapwa na De La Rue zilizuiliwa Uingereza. Agosti mwaka huo Umoja wa Mataifa uliruhusu dinari bilioni 1.86 ziachiliwe, na shehena ya kwanza ikapelekwa Benghazi kwa ndege ya jeshi la anga la Uingereza. Kuanzia mwaka 2016 mamlaka za mashariki mwa Libya zikaagiza dinari zao kwa Goznak, pembeni ya benki kuu ya Tripoli. Mwaka 2019 Malta ilikamata makontena ya dinari hizo, na Marekani, iliyoziita bandia, ikasema thamani yake ni dola bilioni 1.1. Mwaka 2024 Marekani iliiwekea Goznak vikwazo. Mnunuzi wa noti basi aijue tofauti ya wauzaji. Kampuni binafsi hutii sheria za nchi yake, kampuni ya serikali hutii na sera pia. Ukinunua kwa kampuni ya serikali ya nchi kubwa, magomvi ya nchi hiyo yanaweza kuja mpaka kwenye sanduku lako la noti.

Hatari ya pili ni ubora. Mwaka 2010 De La Rue ilikiri kwamba baadhi ya wafanyakazi wake walighushi kwa makusudi matokeo ya vipimo vya karatasi kwa baadhi ya wateja, na mkurugenzi wake mkuu akajiuzulu. Mnunuzi asiye na maabara yake hawezi kugundua jambo kama hilo mpaka noti zichakae mikononi mwa watu. Ndiyo maana nasema pesa za kwanza zisiende kwenye mtambo, ziende kwenye maabara ndogo ya benki kuu na watu wanne watano waliosomea kazi. Hao wataipima karatasi inavyostahimili kukunjwa, na wino unavyostahimili jasho, sabuni na jua. Wataipapasa noti kujua kama ile mikwaruzo ya maandishi yaliyoinuka ipo, kwa sababu hutokana na bamba lililochongwa na kukandamizwa kwenye karatasi kwa nguvu nyingi, kitu ambacho printa ya dukani haiwezi kukiiga. Wataketi pia kwenye kiwanda cha muuzaji na kuona karatasi zilizoharibika zinahesabiwa sawasawa na zile nzima kabla ya kuteketezwa.

Ya tatu ni rushwa, na umiliki wa umma hauiponyi. Note Printing Australia na Securency zilikuwa kampuni za benki kuu ya Australia, ya kwanza yote na ya pili kwa nusu. Zote mbili zilikiri makosa ya njama ya kuwahonga maofisa wa nchi za Asia ili zipate mikataba ya noti za plastiki. Benki kuu yenye sifa njema duniani, na kampuni zake zilifanya hayo.

Kwa nini hati za watu ni jambo lingine

Noti haina jina la mtu. Ikichapwa Munich au Tumba, hakuna siri ya mwananchi inayosafiri nayo. Pasipoti ina sura yako, alama za vidole vyako, tarehe yako ya kuzaliwa. Anayeijaza majina na picha ndiye anayezishika taarifa hizo, na hapo ndipo ninaposimama bila kuyumba: kuzijaza hati kufanyike nchini, kwenye mitambo inayosimamiwa na serikali, na taarifa zisitoke.

Uingereza yenyewe inaonyesha jinsi kazi hii inavyoweza kugawanywa. Mwaka 2018 ilipotafuta mchapaji wa pasipoti zake za buluu, De La Rue ilishindwa na Gemalto, kampuni ya nje, na vitabu vikawa vinatengenezwa Poland. Waingereza wengi walikasirika. Lakini vilivyotoka nje ni vitabu vitupu. Kuvijaza majina na picha kulibaki Uingereza. Huo ni mstari mzuri wa kuchora hata kwetu: kitabu kitupu kinaweza kushindaniwa na yeyote, taarifa za mtu haziendi popote.

Ujerumani ilijifunza kwa gharama. Bundesdruckerei, iliyoanza Berlin mwaka 1879, iliuzwa kwa wawekezaji binafsi mwaka 2000. Ndani ya miaka michache ikazama kwenye madeni, na mwaka 2009 serikali ikainunua tena, kwa sababu ndiyo inayotengeneza pasipoti na vitambulisho vya Wajerumani. Giesecke+Devrient ya Munich, inayochapa noti, imebaki ya binafsi. Katika nchi moja, kazi ya noti imeweza kuachiwa pia mkono wa binafsi, hati zikarudishwa kwa umma.

Gharama ya kukosea upande wa hati huonekana upesi. Kongo ilipoikabidhi kampuni ya nje kazi ya pasipoti mwaka 2015, kitabu kimoja kilifika dola 185, bei ambayo mwalimu au muuza mboga wa Lubumbashi haiwezi. Kenya mwaka 2023 watu walingoja pasipoti kwa miezi, na serikali ikaeleza kuhusu mitambo chakavu na upungufu wa vitabu. Kijana aliyepata kazi Doha na mgonjwa aliyepangiwa matibabu India hawawezi kungoja zabuni ya vipuri. Kwa hiyo kuwa na mtambo nyumbani hakutoshi: bajeti ya vipuri na akiba ya vitabu ziandikwe kabla ya hotuba ya uzinduzi.

Kuna hati moja ninayoitoa kwenye kanuni yangu mwenyewe, nayo ni karatasi ya kura. Kenya ilichapisha za 2017 Dubai kwa kampuni ya Al Ghurair, na upinzani ukaenda mahakamani. Za 2022 zilichapwa Ugiriki. Ni ghali na ni mbali, lakini kiwanda cha serikali kinachochapa kura za uchaguzi ambao serikali hiyohiyo inagombea hakitaaminiwa na wapinzani hata kikifanya kazi safi. Kura zichapwe mahali ambapo mawakala wa vyama vyote wanaweza kusimama na kuhesabu, iwe ndani au nje.

Ukiwa ndiwe unayeamua leo

Tanzania, Kenya, Uganda na wenzao wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walisaini itifaki ya umoja wa fedha mwaka 2013. Sarafu moja ilipangwa ije 2024, sasa inalengwa 2031. Ikija kweli, kiwanda cha noti ambacho nchi moja itajenga leo kitakuwa hakijamaliza kulipa mkopo wake pale noti zake zitakapokoma. Tumewahi kuwa na pesa moja: Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilitoa shilingi kuanzia 1921, hadi benki kuu zetu zilipoanza kazi mwaka 1966. Kama kuna kiwanda cha noti chenye hesabu inayokubalika katika eneo hili, ni kimoja cha pamoja, kwa watu wote wa Jumuiya, na hakiwezi kujengwa kabla ya kujulikana sarafu hiyo inakuja lini. Mpaka hapo, zabuni ya miaka mitano yenye haki ya kuhamisha michoro, akiba ya noti ya kutosha ili asiwepo wa kukimbilia ununuzi wa dharura, na maabara yetu ya kupima.

Kwa hati, hakuna cha kungoja. Mpiga Chapa Mkuu wa Serikali yupo tayari Tanzania, Kenya wana Mpiga Chapa wa Serikali, Uganda wamekwisha anza na ubia wao. Mahali pa kuanzia ni kitengo cha kujazia pasipoti na vitambulisho chenye mitambo miwili, mmoja ukisimama mwingine uendelee, kwenye jengo ambalo Bunge linaweza kulikagua na kuona kumbukumbu za nani aliingia, nani alifungua faili la nani, na vitabu vingapi viliharibika siku hiyo.